Maji Kutoka Chini ya Bwawa

Mzee yule alikuwa na ulimi, na sisemi ulimi wa matusi, ingawa na huo pia alikuwa nao. Nasema ulimi wa kuonjea maji. Binti yake alikuwa mpimaji wa idara ya maji, kazi yake kuzunguka jimbo zima akipima kina cha maziwa na mabwawa, na kila alikofika alichota chupa moja ya kumpelekea baba. Macho ya mzee yalishaingia kiza zamani. Alikuwa akipokea kikombe, anapiga funda moja, analizungusha mdomoni, anameza, ndipo anatoa hukumu.

"Hili ziwa," angesema. Au: "Hili bwawa. Maji yamelala juu ya mashamba ya watu, husikii yanavyonung'unika?"

Hakukosea hata mara moja. Na jimbo lile si la kuchezea, jamani. Ukiondoka asubuhi kule kaskazini, kwenye maziwa ambayo hakuna binadamu aliyeyaomba wala aliyeyachimba, utalala njiani kabla hujafika kusini kwenye mabwawa yenye ukuta, mlinzi na kibao cha kukataza watu wasiogelee. Mwaka jana binti alileta maji ya ziwa la juu mlimani. Mzee akatabasamu. "Ziwa hili. Yana ubaridi wa mawe," akasema, akaomba na kikombe cha pili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Lakini maji ya bomba hakuyagusa. Bomba la uani kwao lilitoa maji ya bwawa kubwa, na bwawa kubwa ndilo lililomeza kijiji chao binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Chini ya bwawa kilibaki kisima alichokichimba mzee kwa mikono yake mwenyewe, mwaka aliomwoa mkewe. Mke alishafariki, huku huku kwenye makazi mapya. Watu walimwambia mzee kisima nacho kimekufa. Aliwajibu kwamba chemchemi haizibwi kwa kumwagiwa maji. Inasukuma tu huko chini, safi vilevile, na mwenye kubisha azame akaone. Miaka yote hiyo alikunywa maji ya mvua ya kwenye tangi, na likikauka aliomba kwa jirani mwenye kisima. Ubishi wa namna hiyo sijapata kuuona tena.

Sasa alikuwa mtu wa kitandani. Daktari alishamwambia shangazi, yule dada wa mzee aliyekuwa akimuuguza, kwamba wampe chochote atakachotaka. Chakula hakukitaka. Alimwita binti yake akamshika mkono.

"Mwanangu, maji ya watu wote umeyapima. Kabla sijaondoka, niletee ya nyumbani. Funda moja tu. Nataka nijue kile nilichomchimbia mama yako bado kipo."

"Nitayaleta, baba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mzee akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Bwawa kubwa lilikuwa kwenye ratiba ya mwezi ule. Kiangazi kilikuwa kimelikausha pembeni, barabara ya zamani imejitokeza, inateremka mpaka inapotea majini. Tangu utotoni binti alikuwa akielekezwa: fuata barabara mpaka jiwe kubwa la kilimani liwe begani kwako kulia, hapo ndipo kisima. Kilima siku hizi ni kisiwa, lakini jiwe lilikuwepo. Mashua ikazunguka pale, ikarudi, ikazunguka tena.

"Dada, hapa si tulishapima?" akauliza mwendesha mashua, mtu wa mizaha. "Au umeangusha hereni?"

"Nimeangusha," akasema.

Akashusha kwa kamba ile chupa yao ya kazi, inayokwenda chini ikiwa wazi. Ilipogota, akaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba kikagonge vifuniko vijifunge. Alipoipandisha na kuifungua, mwendesha mashua aligeuza uso. Maji yalikuwa meusi, yananuka mayai viza.

Na alijua! Maji ya chini ya bwawa, yaliyokaa juu ya miti iliyooza bila kupata hewa, hunuka hivyo. Alishayaeleza hayo kwa watu wengine mara ngapi. Lakini ndivyo tulivyo, jambo tunalolijua la wenzetu tunalisahau likiwa la kwetu. Akakaa kwenye ubao wa mashua akalia, na mwendesha mashua akajifanya anatengeneza injini.

Njiani akapiga moyo konde. Ndani ya gari alikuwa na maji ya lile ziwa la mlimani, aliyoyachota wiki ile ile. Akayatia kwenye chupa safi. Yale meusi aliyafungia kwenye gunia nyuma ya gari, maana kuyamwaga alishindwa. Ya nyumbani ni ya nyumbani.

Shangazi alimwinua mzee akamwegemeza kwenye mito. Binti akamshikia kikombe. Mzee akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akalikalia muda mrefu kuliko siku zote.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Kisima changu. Yana ubaridi wa mawe."

Shangazi akamshukuru Mungu kwa sauti. Binti maneno yale alishayasikia mwaka jana, kwa kinywa kile kile. Alilichagua ziwa lile kwa sababu baba alilipenda, akasahau kwamba baba analijua.

Mzee akamaliza kikombe. Akaupapasa mkono wa binti yake mpaka akaupata, akauleta usoni, akaushikilia hapo.

"Asante, mwanangu. Umehangaika." Kisha kwa sauti ndogo, shangazi asisikie: "Sasa nenda kanawe mikono. Inanuka."

Akatoka uani, akafungua bomba. Alisugua kwa sabuni, harufu ikabaki kwenye kucha, akasugua tena huku analia kama mtoto. Miaka yote ile baba yake alikuwa na kisima. Sasa hana, na aliyekuja kumnyang'anya ni yeye, kwa mikono hii hii.

Sauti ya mzee ikamfikia kupitia dirishani. "Ukimaliza, nikingie kikombe hapo hapo. Nina kiu."

"Ya bomba, kaka?" akauliza shangazi.

"Ya bomba. Kwani wenzangu wanakunywa nini?"

Binti akakinga, akampelekea. Mzee akayanywa yote kwa mkupuo, bila kuyazungusha mdomoni, akamrudishia kikombe. Hakusema kama ni ziwa wala kama ni bwawa.