Nyonga ya Mdogo Wake

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani mpaka alipoteleza ngazini akavunjika nyonga. Daktari bingwa, ambaye wauguzi walimwita Mkono Mwepesi kwa jinsi alivyomaliza upasuaji upesi, alimpiga skrubu tatu kwa dakika arobaini. Miezi sita baadaye binti huyo hakuweza kukanyaga pedeli bila kulia. "Mvivu wa mazoezi," daktari akaandika kwenye faili, akalifunga.

Dada mtu alikuwa fundi wa printa ya 3D, ile inayochapa vitu vizima, hospitalini hapohapo. Alichukua picha za skani za wagonjwa akachapa mifano ya mifupa yao kwa plastiki, ili wapasuaji waishike, waipime, wajue pa kupita kabla ya kushika kisu. Mkono Mwepesi hakuwahi kuagiza hata mmoja. "Midoli hiyo wapelekee watoto," alisema, wenzake wakacheka. Dada akarudi kwenye printa yake, lakini lile neno hakulisahau.

Akamshawishi mdogo wake apigwe skani upya. Akaichapa nyonga yote, mfupa mweupe, skrubu nyekundu, akaipeleka kwenye kikao cha madaktari na kuiweka mbele ya mganga mkuu.

"Ya mgonjwa gani?" mganga mkuu akauliza.

"Mpe daktari bingwa aishike, atasema."

Mkono Mwepesi akaigeuza. Skrubu moja ilikuwa imetoboa mfupa ikachomoza ndani ya kiungo, kama msumari ndani ya kiatu.

"Hii ni kazi ya mwanafunzi," akasema.

"Saini kwenye faili ni yako. Mgonjwa ni mdogo wangu, yuko nje kwenye benchi. Nimwite umwambie usoni kwamba ni mvivu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Jasho lilimtoka bwana yule mpaka kwenye ukosi, na dada akalitazama tone kwa tone.

Ndugu hao wawili wakaandikisha malalamiko, na Mkono Mwepesi akasimamishwa kazi. Mpasuaji mwingine alijizoeza kwanza kwenye ile plastiki, kisha akaitoa skrubu. Maumivu yakapungua, kuchechemea kukabaki.

Jumapili moja Mkono Mwepesi akabisha hodi nyumbani kwao, akawaomba waondoe malalamiko.

"Samehe, dada yangu. Nina watoto."

"Mwombe mwenye mguu."

Mdogo wake alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua macho, wala hakumkaribisha kiti. Daktari akasimama weee, mpaka miguu ikamchoka, akaaga akatoka.

Dada akamsindikiza kwa macho hadi kona ya mtaa. Moyo wake ulikuwa mtamu, wala hakuona haya.