Chai Mkononi mwa Mkwe

Mama yangu alisimama mlangoni, mgongo kautupa sebuleni, kanga kaivuta mpaka puani. Ndani, pamoja na wageni wa misheni, alikuwamo mume wangu, Wenceslaus, na andazi mdomoni. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Hakuja kwa ajili ya ugeni ule. Alikuja kutoka Ipole na asali, kunilea, maana nilikuwa nimetoka kujifungua. Tangu afike, yeye na mkwewe walikuwa wanakwepana vizuri kabisa: mmoja akisikika uani, mwingine anapitia mbele. Kwetu hivyo ndivyo mwanamume anavyomheshimu aliyemzalia mke. Kula mbele yake? Afadhali apite uchi sokoni.

Lakini misheni ilikuwa inatafuta mkuu wa sekondari yake, Mwafrika wa kwanza. Walibaki wawili, Wenceslaus na mwalimu mwenzake Silasi, vyeti vyao sawasawa. Basi Padre na Mwingereza mmoja mkaguzi wa shule, tuliyemwita Bwana Elimu, wakaamua kuwatembelea nyumbani, waone wanavyoishi. Mimi na uzazi wangu nikaazima vikombe kwa jirani yetu Mwanahawa, nikafua vitambaa vya meza mpaka vidole vikachubuka.

Siku ilipofika, Bwana Elimu alimwona mama kupitia dirishani, akauliza mbona anajificha. Padre akamweleza desturi yetu. Yule bwana akacheka kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Akasema mkuu wa shule asiyeweza kuketi na mkwewe atawafundisha nini vijana. Akaagiza mama aitwe.

"Mpe chai, Mwalimu," akasema. "Kwa mkono wako."

Nilitaka mume wangu atoke nje, tukose cheo, yaishe. Nilitaka pia atii, tukipate. Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na hadi leo naona aibu kuyasema pamoja.

Akamimina. Akakibeba kikombe mpaka mlangoni, uso kauelekeza ukutani. Mama angeweza kukataa, na Silasi angekuwa mkuu. Aligeuka, akapokea kwa mikono miwili, akanywa chote huku kafumba macho. Bwana Elimu akapiga makofi.

Wageni walipoondoka, mama aliosha kikombe kile mwenyewe, akafunga mzigo wake. Wenceslaus alikuwa chumbani, pazia tu likiwatenga. Mama alisema nami, kama ilivyo desturi.

"Mwambie mumeo chai ilikuwa na sukari ya kutosha."

Sikumwambia. Alikuwa ameshasikia, na hakutoka mpaka mama alipoishika njia ya Ipole.

Cheo tulikipata. Arobaini yangu ilikuwa bado haijaisha, kwa hiyo Mwanahawa ndiye aliyekuja kunikanda kwa maji ya moto. Aliniuliza mama yuko wapi, mbona kaniacha mbichi hivi. Nikamjibu kuna asali ya kurina, kisha nikamrudishia vikombe vyake.