Sikio la Nguruwe Wangu

Nchi yetu ina barabara moja na polisi arobaini, na bendi yao inajua kupiga tarumbeta kuliko kukamata wezi. Nina uchungu nao, sifichi. Nguruwe niliyemlea miaka miwili kwa ajili ya arusi ya binti yangu Jumamosi hii aliibwa Jumatatu. Kisiwa kizima kilimwona Penitala akikatiza naye uwanja wa ndege kwa toroli, mchana kweupe. Na kwetu bibi arusi asiye na nguruwe husimangwa na wakwe mpaka azeeke.

Nikaenda kituoni. Inspekta Vaisele alikuwa anang'arisha tarumbeta.

"Mama Sulia, Penitala ni mwanangu. Sheria inakataza polisi kushika kesi ya ndugu yake."

"Basi mpe mwingine."

Koplo akasema ni shemeji yake. Sajini, mpwa wake. Aliyekuwa akifagia akainua mkono hata kabla sijamuuliza.

"Yaani nchi nzima hakuna wa kumshika mwizi mmoja?"

"Yupo Lotoala," sajini akanong'ona. "Katoka kisiwa cha kaskazini. Hana ndugu hapa."

Konstebo Lotoala, mpiga ngoma kubwa, aliandika kila kitu daftarini. "Mama, kesho jioni namtia ndani. Mchana inspekta kanialika chakula, siwezi kukosa."

Siku hiyo nililala usingizi, mjinga mimi.

Kesho yake jioni akaja na shada la maua kichwani na sahani iliyofunikwa jani la mshelisheli.

"Mama, inspekta kanipokea niwe mwanawe! Ukumbini, mbele ya wazee wote. Mtu akikupa ukoo utakataaje?"

"Hongera. Na Penitala?"

Akatazama viatu vyake. "Ni kaka yangu sasa, mama. Sheria inakataza."

Karamu ya kumpokea mtoto, kila nyumba hupelekewa fungu lake, na kulikataa ni tusi. Nikafunua jani. Juu ya magimbi kulikuwa na sikio lenye pengo, pengo nililolikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kushonea.

"Umekula, Lotoala?"

"Nimeshiba, mama."

"Vizuri. Jumamosi mnapiga bendi arusini kwangu. Mje wote, na kaka yako. Wakwe wakiuliza nguruwe yuko wapi, nitawaonyesha matumbo yenu."

Akanipigia saluti.