Laki Sita Zenu, Laki Mbili Zangu

Pale zahanati kila mtu alimwita Mama Vipimo, hata mganga mkuu. Alikuwa amefanya kazi ya maabara miaka ishirini na mitatu, mwanamke mfupi, si mtu wa maneno mengi, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kubandika lebo. Vichupa vya damu, kopo la sukari, hata mwavuli wake, vyote vilikuwa na kibandiko cheupe chenye maandishi madogo yaliyonyooka. Benki ilipompa kadi ya mkopo, akaandika namba ya siri kwenye kibandiko cha aina ileile na kukibandika nyuma ya kadi. Hakuona ubaya wowote.

Jumanne moja asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, mwanamume aliyevaa vizuri aliingia kuulizia majibu ya mkewe. Mama Vipimo akainamia daftari. Jina halimo. Alipoinua kichwa, mtu hayupo, na mkoba uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango haupo.

Alidhani wenzake wamemwekea mahali. Akauliza huku na huku, akapoteza karibu nusu saa. Kisha akaikumbuka kadi: ilikuwa ndani ya mkoba. Simu yake ilikuwa humohumo mkobani, kwa hiyo alikimbilia mapokezi, glavu bado mkononi, akapiga namba iliyokuwa kwenye kalenda ya benki ukutani. Akasikilizishwa muziki weee, mwishowe akapokea msichana.

"Nimeibiwa kadi, mwanangu, na namba ya siri nimeibandika nyuma. Ifunge sasa hivi."

"Nimeshaifunga, mama. Usiwe na wasiwasi."

Alipomaliza kazi alipita tawini kujaza fomu. Huko nako aliandika ukweli wote, hadi habari ya kibandiko.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Pesa zilikuwa zimetolewa mara nne, laki mbili kila mara. Mara ya kwanza saa nne na dakika ishirini, na mara tatu zilizobaki kati ya saa tano na saa sita. Kwa kuwa mteja amekiri kuandika namba ya siri, barua ilisema, deni lote la laki nane ni lake, pamoja na riba.

Mdogo wake, dereva wa lori, aliisoma akasonya.

"Dada, nawe! Nani alikutuma ujichongee mwenyewe? Kana. Sema ulijaza fomu ukiwa umechanganyikiwa. Kibandiko anacho mwizi, na mwizi haji kutoa ushahidi."

"Niliandika."

"Kwa hiyo utalipa laki nane?"

"Nitalipa la kwangu. La kwao watalipa wao."

Jumapili nzima alikaa na mkataba wa kadi, kurasa kumi na tisa za herufi kama sisimizi, akizifuata kwa lenzi. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili akakipata kifungu alichokitafuta. Hasara ya kabla ya taarifa, kama mteja alizembea, ni ya mteja. Hasara ya baada ya taarifa ni ya benki, isipokuwa mteja mwenyewe ameshiriki wizi.

Ofisa wa malalamiko, kijana mwenye tai iliyombana shingo, alikitazama kifungu kile kisha akageukia kompyuta.

"Taarifa yako, mama, tuliipata saa tisa alasiri. Ulipojaza fomu."

"Nilipiga simu asubuhi."

"Kwenye mfumo haipo."

"Mfumo ndio uliopokea simu, au msichana?"

Kijana akatabasamu, akamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi akapigwa kalenda nyingine.

Basi akajifunga kibwebwe. Alikwenda kampuni ya simu kuomba orodha ya simu zilizotoka mapokezi siku ile, wakamkatalia: laini ni ya zahanati, alete barua ya mganga mkuu. Mganga mkuu naye hakutaka habari za wizi zitoke nje. Mama Vipimo alisimama mbele ya meza yake siku tatu mfululizo, kila anapomaliza zamu, haketi wala hagombi. Siku ya tatu mganga mkuu akachukua kalamu.

Orodha ilionyesha simu ya dakika kumi na moja, iliyoisha saa nne na dakika arobaini na mbili.

"Hii inaonyesha ulipiga," ofisa alisema. "Haionyeshi ulisema nini."

"Dakika kumi na moja nilikuwa nawauliza bei ya nyanya? Mwanzo wa simu mlisema wenyewe mazungumzo yanarekodiwa. Nataka hiyo rekodi."

Rekodi haikupatikana. Akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi wa mambo ya fedha, na msuluhishi, mama mwenye mvi na sauti ya upole, akaiamuru benki iilete. Hapo ikapatikana.

Siku ya shauri, wakili wa benki alimgeukia kwanza yeye.

"Uliandika namba ya siri au hukuandika?"

Mdogo wake, aliyekaa nyuma, alikohoa kwa nguvu. Mama Vipimo hakugeuka.

"Niliandika. Nikabandika kwenye kadi. Huo ni uzembe wangu na laki mbili za kwanza ni zangu. Nauliza za baada ya simu."

Wakawasha rekodi. Chumba kizima kilisikia akihema, kisha ile sauti ya msichana: nimeshaifunga, mama. Msichana hakuwa ameifunga. Wakili akaanza kupanga karatasi zake upya.

Msuluhishi aliamua papo hapo: laki sita ni mzigo wa benki, riba yote ifutwe, mteja alipe laki mbili.

"Ungekana, ungelipa sifuri," mdogo wake alimwambia nje, nusu utani.

"Ningekana, na rekodi ileile ikaniumbua, wangeamini vipi mengine yote niliyosema?"

Alilipa kwa miezi minne. Siku ya malipo ya mwisho, yule kijana mwenye tai alimtolea risiti, akasita, kisha akamuuliza kama angependa kadi mpya. Mwizi alikuwa hajakamatwa, na hadi leo hajakamatwa.

Mama Vipimo alifikiri kidogo.

"Nipe," akasema, akavuta kile kimashine cha kuwekea namba ya siri. "Ila geuka huko kwanza. Na mwambie mlinzi naye ageuke."