Kadi ya Fundi

Mkurugenzi alitaka picha tatu kwa wiki. Watu wanasema maktaba imekufa, alituambia, basi tuwaonyeshe mtandaoni kwamba bado tunapumua. Miaka ishirini na sita nimepiga mihuri ya tarehe, nimegundisha migongo ya vitabu, nimeamsha wanaokoroma mezani, na sasa napimwa kwa wafuasi. Nilikuwa hoi kabla hata sijaanza.

Nafuu yangu, chuo kilituletea binti anayesomea ukutubi, aje kwa mafunzo ya vitendo. Simu haimtoki mkononi. Alipiga picha rafu, akapiga vumbi, hata viatu vyangu havikusalimika. Ijumaa moja nilikuwa nimeinama kwenye rafu ya chini, mgongo unaniuma, akanisemesha kwa nyuma.

"Mama, imebaki moja zitimie tatu. Niweke hii kadi ya zamani? Inapendeza."

"Weka," nikasema, wala sikugeuka.

Kumbe ilikuwa kadi ya kuazimia, ile inayokaa kwenye kijifuko mwishoni mwa kitabu, nasi bado tunaandika majina kwa mkono. Kitabu chenyewe ni cha kujifunzia kusoma, cha watoto wa darasa la kwanza, na jina la kitabu limeandikwa juu kabisa ya kadi. Chini yake lilikuwa jina la mtu mmoja tu, mara kumi na moja. Binti wa watu akaongezea maneno yake: Huu ndio upendo wa kitabu.

Mwenye jina ni fundi cherehani wa mtaa wa pili, bibi wa wajukuu wanne, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Vikaoni husingizia macho, wengine wakamsomea. Miaka mitatu iliyopita alisimama mbele ya meza yangu mpaka wasomaji wote wakatoka. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu," akasema. "Mimi sijui kusoma. Na wanangu hawajui kama sijui." Tangu hapo kila Jumatatu, tukishafunga, tulikaa naye kwenye chumba cha magazeti makuukuu. Maneno alianza kuyaweza. Sentensi nzima ilikuwa haijatoka bila mimi kumsaidia.

Anachosoma mtu ni siri yake. Hilo ndilo la kwanza katika kazi yetu, na sikuwa nimemfundisha binti. Nilikuwa nimechoka, basi.

Jumatatu asubuhi nilikuta watu mia tisa wameipenda picha ile, sisi ambao hatujawahi kuvuka ishirini. Nikaifuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, walikwisha kuisambaza pamoja na kejeli zao. Binti alilia hadi kwikwi ikamshika.

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Aliyesema weka ni mimi."

Jioni fundi akaja saa yake ileile. Hakuketi. Akaweka simu mezani.

"Mkwe wangu kanitumia hii. Nimemuuliza ni nini, anacheka tu."

"Dada, nisamehe. Ni mimi..."

"Subiri. Nasoma."

Akaweka kidole juu ya kioo. "Ma-ra ku-mi na mo-ja. Hu-yu ki-chwa ma-ji." Nilinyoosha mkono kuichukua simu, akausukuma pembeni, akashuka mstari wa pili. Aliyasoma yote, tusi kwa tusi, wala hakuniangalia nimtajie silabi. Kufikia la tano alikuwa hakati maneno tena. "Na huyu ndiye mwenyekiti wetu," akasoma, moja kwa moja, kama mtu aliyesoma maisha yake yote.

Nilitamani akwame. Mungu anisamehe, miaka mitatu nimeingoja sentensi ile.

"Umesikia?" akaniuliza. "Nimemaliza."

"Nimesikia, dada."

"Haya. Sasa nifute kwenye daftari lako."

Nikamsihi abaki, nikamwambia kitabu kingine kipo, kikubwa zaidi. Akanyoosha kidole kwenye daftari. Nikafungua daftari la wanachama, nikachukua rula, nikapitisha mstari juu ya jina lake, naye akasimama pale akilisoma mpaka nilipofika mwisho.