Chupa Mbili, Mzee Kaingu Mmoja

Kwanza Fondo alicheka. Sasa angefanyaje? Watu wamesoma miaka ishirini, wamefunga kiyoyozi, wamebandika mlangoni karatasi kubwa, "Utafiti wa Usahaulifu", halafu wamesahau babake ni yupi.

Chumba chenyewe kiko ghorofani, Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya zamani ambayo ngazi zake zataka mtu apande kama mbuzi. Mezani chupa mbili za kioo, kila moja na ubongo wake, rangi ya muhogo wa juzi. Nyuma ya meza Daktari Zoeb, apangusa miwani isiyo na uchafu.

"Majina tuliyaandika juu ya vifuniko, bwana Fondo. Wiki jana tukapata wageni, Heena akaviosha kwa spiriti ving'are."

Heena, msaidizi wake, alikuwa ameinama aangalia viatu.

"Juu ya vifuniko," Fondo akasema.

"Ni bahati mbaya."

"Bahati gani? Mama wa achari hapo chini kila chupa ameibandika karatasi ubavuni. Na hana hata cheti cha darasa la nne."

Mzee Kaingu, babake Fondo, alianza kwa kusahau jina la mkewe. Akasahau choo kilipo. Mwisho akasahau hata kumeza. Alipofariki, Zoeb alikuja na tende na maneno laini, aomba ubongo autazame, ajue ni kitu gani kinachokula kumbukumbu ya mtu. Wazee kule Kinango wakakataa katakata. Nani aliyewalainisha? Fondo, msomi wa ukoo, amemaliza fomu foo. Aliwaapia mbele ya watu: mwaka mmoja tu, ubongo utarudi, utazikwa pale pale kwa mwenyewe siku ya matanga ya mwisho. Siku yenyewe ndiyo hii. Shimo lishachimbwa, wazee washakaa, na akirudi mikono mitupu hakuna tena atakayemsikiza hadi afe.

Zoeb akaisukuma chupa ya kushoto. "Chukua hii. Huko nyumbani nani atajua?"

"Mimi."

"Yaani, kwa heshima tu, ili shughuli ipite."

"Na wenyewe wa hii nyingine wakija utawapa babangu? Daktari, wewe ulifaulu kwa mtihani ama kwa mjomba?"

Zoeb akavaa miwani. Akaivua tena.

Heena ndiye aliyesema, polepole. "Huyu wa kulia ana kovu. Tazama hapa mbele, pamebonyea, pana rangi ya kutu. Ni jeraha la zamani sana. Yule mwingine hana. Mzee wako aliwahi kuumia kichwa?"

Fondo alifungua kinywa, dharau i tayari kwenye ulimi, akakuta haina pa kwenda.

Mzee alikuwa mgema. Alianguka mnazini, hilo lajulikana. Lakini aliangukia nini, kichwa ama kiuno? Kisa hicho mzee alikisimulia kila akishika kikombe cha chai, na kila akianza, "Siku hiyo mnazi ulikuwa na umande," Fondo alikuwa ashatia nyaya za simu masikioni. Miaka yote hiyo.

Akatoka ukumbini kupiga simu.

"Dada Mejumaa, baba alipoanguka mnazini aliumia wapi?"

"Kichwa! Lile bonde juu ya jicho hukuliona? Miaka mitatu nalipaka mafuta, wewe waishi nyumba gani?" Nyuma yake zasikika sauti za wazee. "Mbona wauliza? Hao madaktari wako hawajui?"

Fondo akageuka. Mlango ulikuwa wazi, Zoeb na Heena wamsubiri kama watoto waliovunja sahani.

"Wajua," akasema. "Nawapima tu."

"Haya, jipime na wewe mwenyewe. Na usimwache kwenye feri, nakujua."

Akakata. Aliingia ndani bila kumtazama yeyote, akanyoosha kidole kwenye chupa ya kulia, akamwomba Heena kalamu. Akaandika KAINGU, ubavuni, herufi kubwa za kitoto. Kisha akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akazishuka zile ngazi kinyumenyume, moja moja.