Chujio Jeupe

Julai ya Launceston, huku Tasmania, ni baridi kali na haina dirisha la kufungua, na mume wangu Leith alipiga chafya tangu asubuhi mpaka nikataka kuhama nyumba. Akanunua mashine ya kusafisha hewa. Ikanguruma sebuleni kutwa kucha, taa yake ya kijani ikiwaka, na chafya zikaendelea vilevile.

"Ni manyoya ya Baxter," alisema, akimnyooshea kidole mbwa wetu.

"Baxter ana miaka tisa humu ndani. Mwaka huu ndio ameota manyoya?"

Lakini kubishana na mtu anayepiga chafya ni kazi bure. Tukampeleka mbwa kwa wifi yangu, Devonport. Nikafua mapazia, nikakung'uta magodoro, nikafuta hata nyuma ya friji. Sikai, situlii. Wiki ya sita kilichobaki bila kukaguliwa kikawa mashine yenyewe.

Nikaifungua mgongoni, nikitegemea vumbi la kutisha. Chujio lilikuwa jeupe pe, bado limo ndani ya mfuko wa plastiki lililotoka nao kiwandani.

"Leith, ulisoma maelekezo ya kitu hiki?"

"Ya nini? Si unachomeka tu kwenye umeme."

Nikauchana ule mfuko mbele yake, taratibu, ausikie vizuri.

"Wiki sita tumemfukuza mbwa wa watu kwa sababu ya hii feni yako."

Akafungua mdomo ajibu, akapiga chafya. Sikumwambia pole. Nilichukua funguo za gari na kamba ya Baxter.